BOOKER WASHINGTON, MWALIMU ALIYEFUNDISHA NDANI YA BANDA LA KUKU



Komite ya gazeti iliniomba kuandika maisha ya mutu mukubwa wa zamani. Wamoja walitaka Livingstone, wengine walitaka Lumumba. Mimi nimechagua mwingine ambaye wengi kati yetu hawamujui. Sababu ni hii: toka siku ile direkisyo ilitangaza kwamba depo ya zamani itageuzwa kuwa atelye, na kwamba sisi wenyewe tutatumika pale kila siku ya tano kisha saa sita, maneno yamekuwa mengi katika madarasa. Wamoja wanasema wazazi wanalipa feza ya shule juu ya vitabu, hapana juu ya kubeba matofali. Wengine wanasema kazi ya mikono ni azabu, na tuseme ukweli, katika shule nyingi za inchi yetu mwanafunzi anayechelewa ndiye anayepewa jembe. Hawa wote wana neno. Basi niliona ni vizuri tumuangalie mutu mumoja aliyesikia maneno haya haya kwa muda wa miaka 34, huko Marekani, katika shule ambayo karibu nyumba zake zote zilijengwa na wanafunzi.

Booker alizaliwa mutumwa katika mwaka wa 1856, katika shamba la muzungu mumoja jina lake James Burroughs, jimbo la Virginia. Mama yake, Jane, alikuwa mupishi wa shamba. Baba yake alikuwa muzungu, na Booker hakumujua hata siku moja. Walilala chini juu ya matambara, yeye na kaka yake John na dada yao Amanda, ndani ya nyumba ambayo ilikuwa vilevile jiko la shamba zima. Shule aliiona toka inje tu: alitumwa kubeba vitabu vya binti wa bwana wake mpaka mulangoni, kisha kurudi. Vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe ilipokwisha katika 1865, watumwa wakawa huru. Mama akachukua watoto wake, wakasafiri mpaka Malden, West Virginia, fasi baba yao wa kambo alikuwa anatumika katika kiwanda cha chumvi.

Hata pale shule haikuwa ya bure kwa mutoto wa masikini. Booker, miaka kama tisa hivi, akaingizwa katika kazi ya chumvi. Kila mufungaji wa chumvi alikuwa na namba yake ya kuandikwa juu ya mapipa, na namba ya baba yake wa kambo ilikuwa 18. Hii 18 ndiyo maandiko ya kwanza ambayo Booker aliweza kusoma, mbele ya kujua hata herufi moja. (Mimi ninayeandika niko na miaka 18, labda ndiyo maana jambo hili lilinikaa kichwani.) Alipopata ruhusa ya kwenda masomo, aliona mwalimu anaita wenzake kwa majina mawili mawili, naye alikuwa na moja tu. Alipofikiwa akajipa la pili palepale, Washington, na akabaki nalo mpaka kufa. Baadaye alishuka katika mugodi wa makaa ya mawe, kisha akatumika nyumbani kwa mwenye kiwanda, Generali Ruffner. Bibi wa Generali alikuwa mukali sana juu ya usafi, vijana wengi walimukimbia. Booker alivumilia, na kwa yule mama akajifunza kwamba nyumba chafu na uzio uliovunjika ni mambo ya kutengeneza leo, hapana kesho.

Ndani ya mugodi alisikia watu wawili wanaongea juu ya shule moja ya watu weusi, Hampton, ambako mwanafunzi asiye na feza anaweza kulipa kwa kutumika. Ilikuwa mbali, kama kilometa 800. Katika mwaka wa 1872 akaondoka, nusu kwa gari, nusu kwa miguu. Alipofika muji wa Richmond feza ilikuwa imekwisha, akalala chini ya njia ya mbao ya watembea kwa miguu, watu wakipita juu yake usiku wote. Mchana akatumika kupakua chuma katika mashua ili apate chakula. Alifika Hampton na senti 50 mufukoni, nguo chafu, hajaoga. Mwalimu mukuu, mama Mary Mackie, akamuangalia tu. Saa nyingi zikapita, wengine wakiandikwa majina, yeye hapana. Mwishoni akamuonyesha chumba kimoja cha darasa, akamutuma kukifagia.

Booker alikifagia mara tatu. Alipanguza vumbi mara nne, akasogeza kila benchi, akasafisha kila kona na kila kabati. Mama Mackie akaja, akachukua kitambaa chake cheupe, akapitisha juu ya meza na juu ya kuta. Hakupata hata punje ya vumbi. Hiyo ndiyo ilikuwa egzamina yake ya kuingia. Alipewa kazi ya kutunza vyumba, akawa anaamka usiku kuwasha moto, na hivyo alilipa chakula na kulala mpaka akapata diploma katika 1875.

Mukubwa wa Hampton alikuwa Generali Armstrong, mutoto wa wamisionere wa visiwa vya Hawaii. Yeye ndiye alipokea barua kutoka muji mudogo wa Tuskegee, jimbo la Alabama, katika 1881. Watu wa pale walitaka mwalimu wa kuanzisha shule ya kufundisha waalimu weusi. Mambo hayo yalianza na watu wawili: Lewis Adams, zamani mutumwa, fundi wa bati na viatu, na George Campbell, muzungu mufanyabiashara ambaye zamani alikuwa na watumwa. Walidhani watapewa muzungu. Armstrong akawatuma Booker, miaka 25.

Aliposhuka Tuskegee alitafuta shule. Shule haikuwako. Serikali ya Alabama ilikuwa imekubali kutoa dola 2.000 kwa mwaka juu ya mishahara ya waalimu, basi. Kiwanja hapana, nyumba hapana, hata ubao hapana. Alianza tarehe 4 Julai 1881 na wanafunzi 30, katika kibanda kibovu karibu na kanisa la Wametodisti weusi. Mvua ikinyesha, mwanafunzi mumoja aliacha somo lake na kumushikia mwalimu mwavuli, ili wengine waendelee kujibu.

Karibu na muji kulikuwa shamba moja lililoachwa, eka 100, sawa na hektari 40. Nyumba kubwa ya bwana wa zamani ilikuwa imeungua. Kilichobaki ni kibanda kimoja, jiko la zamani, zizi la farasi, na banda la kuku. Bei ilikuwa dola 500. Booker hakuwa nazo. Aliandika kwa mutunza-feza wa Hampton kumuomba mukopo, na yule mutunza-feza akajibu kwamba feza ya Hampton hawezi kuikopesha, lakini yake mwenyewe ndiyo. Wakalipa nusu ya kwanza na kuingia.

Hapa ndipo ninaomba tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo kuna mafundisho kwa depo yetu. Booker hakungoja nyumba mupya. Aliwaambia wanafunzi kwamba zizi la farasi litakuwa darasa. Wakaondoa mavi, wakaosha, wakatengeneza mabati na sakafu, wakaingia. Wanafunzi wakaongezeka, basi akageukia banda la kuku, nalo likawa darasa. Jioni masomo yakikwisha, aliwaomba wakate miti ili wapande chakula. Hapo wakasita. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufundisha katika vijiji, walijiona waalimu. Waliona shoka na elimu haviendi pamoja. Booker hakutoa hotuba. Kila siku alichukua shoka lake na kutangulia porini. Walipoona mukubwa wao haogopi wala haoni haya, wakafuata, na katika muda mufupi eka 20 zilikuwa zimesafishwa na kupandwa.

Feza ya deni ilitafutwa na mwalimu mwenzake, mama Olivia Davidson, ambaye baadaye akawa bibi yake. Alitembea nyumba kwa nyumba, kwa weupe na kwa weusi, akipanga karamu ndogo za kuuza keki na kuku. Kulikuwa na mama muzee mumoja, miaka kama 70, aliyekuwa amepita maisha yake mengi katika utumwa. Alikuja na fimbo, amevaa matambara lakini safi, akaleta mayai sita ya kusaidia vijana wasome. Booker alipokea zawadi kubwa sana katika maisha yake, toka kwa matajiri wa New York na Boston, lakini aliandika kwamba hakuna hata moja iliyomugusa kama yale mayai.

Kisha wakajenga nyumba ya kwanza kubwa, yenye ghorofa tatu, iliyoitwa Porter Hall. Mwenye mashine ya kukata mbao, muzungu wa karibu, alileta mbao mbele ya kulipwa. Wanafunzi walichimba musingi. Pale pale chini ya nyumba wakachimba tena udongo mpaka kikapatikana chumba cha jiko na cha kula, chenye giza, mwanzoni bila vyombo vya kutosha. Booker alikuwa na mupango: wanafunzi wajenge kila kitu wenyewe, hata kama watakosea. Alijua kwamba nyumba zao za kwanza hazitakuwa nzuri kama za fundi aliyezoea. Lakini alisema kujifunza kwa makosa yao kutawapa kitu ambacho nyumba tayari haitawapa.

Na makosa yalikuwa mengi! Tusidanganyane kwamba yote ilikwenda sawasawa. Vitanda vya kwanza vilitengenezwa na wanafunzi ambao hawajashika randa hata siku moja. Asubuhi Booker alipopita katika vyumba alikuta kitanda hiki kimeanguka, na kingine tena kimeanguka. Magodoro yalikuwa mifuko ya kitambaa waliyoshona wasichana, ndani wakaweka majani makavu ya misonobari. Kwa muda mrefu kiti kilikuwa kigoda cha mbao tatu zilizopigiliwa misumari. Jambo moja tu halikupata huruma: mswaki. Mwanafunzi asiye na mswaki hakukaa Tuskegee. Habari hii ilienea mpaka vijiji vya mbali, na wanafunzi wapya wakafika bila mizigo yoyote, ila mswaki mukononi.

Kazi iliyowashinda zaidi ilikuwa matofali. Katika muji hakukuwa mutengenezaji wa matofali hata mumoja, na Booker aliona kwamba shule inayahitaji na soko linayangoja. Sisi tunaotoka vijijini tunajua kazi hii, tumeona wajomba zetu wanakanyaga udongo. Wale hawakujua. Walisimama katika shimo, matope mpaka magotini, saa baada ya saa, na wengi walichukia. Wamoja waliacha shule kabisa na kurudi kwao. Walichoma tanuru ya kwanza, matofali kama 25.000: yakaharibika, kwa sababu tanuru haikujengwa vizuri ao moto haukuongozwa vizuri. Wakajenga ya pili, ikaharibika. Ya tatu walisimamia karibu wiki nzima usiku na mchana, na ilipokaribia kuiva, usiku wa manane, ikabomoka yote.

Feza ilikuwa imekwisha. Waalimu wengi wakamushauri aache. Booker alikuwa na saa yake ya mufukoni. Akaipeleka muji wa Montgomery kwa mutu wa rehani, akapewa dola 15, akarudi, akakusanya wanafunzi waliovunjika moyo, wakajenga tanuru ya nne. Ile ikaiva vizuri. Saa hakuirudisha tena. Siku za kuikomboa zilipita na hakuwa na feza. Lakini miaka kadhaa nyuma yake wanafunzi wa Tuskegee walitengeneza matofali 1.200.000 kwa musimu mumoja, mazuri ya kuuzwa katika soko lolote. Wazungu ambao walikuwa na mashaka na shule ya watu weusi walikuja kununua, na kwa kununua wakaanza kuongea, na kwa kuongea wakaanza kuzoeana. Booker mwenyewe aliona kwamba matofali yalileta amani zaidi ya maneno.

Katika wakati huo wote barua za wazazi zilikuwa zinafika. Walilalamika kwamba watoto wao wametumwa kusoma, hapana kutumika. Kazi waliijua toka utumwani, haikuwa lazima kwenda mbali kuitafuta. Wengine walipenda vitabu vingi, vikubwa, vyenye majina marefu. Je, haya si maneno tunayosikia hapa kwetu? Booker hakuwacheka. Alisafiri katika jimbo akiongea na wazazi, na hakulegeza neno: mwanafunzi wa Tuskegee, hata mwenye feza, atatumika.

Sasa ni lazima kueleza namna gani kazi ile ilikuwa masomo, maana kubeba matofali peke yake ni kubeba matofali. Mwalimu wa hesabu aliwatuma wanafunzi kupima ukuta wenyewe na kuhesabu matofali yatakayoingia. Katika somo la Kingereza waliandika juu ya kazi waliyofanya asubuhi. Katika 1892 akafika Robert Taylor, mutu mweusi wa kwanza aliyepata diploma katika shule kubwa ya ufundi ya Boston inayoitwa MIT. Yeye ndiye alichora plani za nyumba, na alifundisha wanafunzi kuchora. Kanisa la shule, lililokwisha katika 1898, lilitoka katika plani yake, na matofali yake, 1.200.000, yalitengenezwa na wanafunzi, hata mabenchi. Katika 1896 akaja mwalimu George Carver, mwenye elimu ya mimea. Alikuta hakuna laboratware. Akaenda na wanafunzi wake kuokota chupa, vifuniko, mitungi na taa za zamani katika jalala, na kwa vitu vile wakafanya vipimo vya udongo. Waalimu wetu wa kemia watanisamehe, lakini nilipojua hili niliangalia ile kabati yetu yenye chupa mbili kwa macho mengine.

Katika 1901 Booker alihesabu nyumba 40 katika kiwanja kile, na zote, isipokuwa nne tu, zilikuwa karibu kabisa kazi ya wanafunzi. Na alisema jambo moja ambalo mimi kama mukubwa wa wanafunzi ninalifikiria kila ninapoona majina yaliyochongwa kwa kisu kwenye meza zetu. Mwanafunzi mupya akitaka kukwaruza ukuta, hakuwa mwalimu aliyemuzuia. Ni mwanafunzi wa zamani aliyemuambia aache, kwa sababu nyumba ile ni yao na yeye aliijenga.

Tusimufanye malaika. Kuanzia 1884 walikuwa na shule ya usiku kwa wale wasio na kitu: walitumika saa kumi mchana na kusoma saa mbili usiku. Mimi ninaona hiyo ilikuwa kazi nyingi na masomo kidogo, hata kama wengi walipenda kuingia. Tena katika hotuba yake ya Atlanta, mwaka wa 1895, Booker aliwashauri watu weusi wajenge kwanza uchumi na ufundi, wasishindane na wazungu juu ya haki za siasa na za kukaa pamoja. Wazungu wa kusini walimupigia mikono sana, na hiyo peke yake ilipaswa kutuonya. Daktari W.E.B. Du Bois, mweusi mwenzake, aliyesoma Harvard, alimupinga wazi katika kitabu chake cha 1903: watu wasio na haki ya kura hawawezi kulinda hata nyumba waliyojenga, na taifa lisilo na watu wa elimu ya juu halitapata hata waalimu wa ufundi. Ninafikiri Du Bois alisema kweli. Baadaye, Booker alipokwisha kufa, barua zake zilionyesha kwamba kwa siri alikuwa analipa feza za mawakili waliotetea kura ya watu weusi mbele ya mahakama kuu. Mbele ya watu alinyamaza. Ni nani kati yetu atajua angefanya nini katika Alabama ya wakati ule, ambako watu weusi walinyongwa juu ya miti bila hukumu?

Kuna kitu kingine kinachotugusa sisi Wakongo. Wakati Booker alifundisha katika shule ya usiku ya Hampton, mumoja wa wanafunzi aliitwa William Sheppard. Huyu Sheppard akawa misionere wa Presbiteri, akafika Kongo katika 1890, na mwaka uliofuata akakaa Luebo, katika Kasai. Katika 1899 alitumwa kuchunguza mauaji yaliyofanywa na watu waliotumiwa na serikali ya Leopold wa pili, na pale akahesabu mikono 81 iliyokatwa, imewekwa juu ya moto ikauke. Ushuhuda wake ulifika Marekani. Katika 1904 Booker aliandika katika gazeti juu ya ukatili wa Kongo, akawa mumoja wa makamu wa rais wa chama cha Marekani kilichopigania Wakongo, na akaongea na rais Roosevelt juu ya jambo hilo. Leopold alilazimishwa kuachilia Kongo katika 1908, ikawa koloni ya Wabeljiji. Yule mutu wa Alabama hakuona Kongo hata siku moja, lakini alitutetea.

Baada ya kufa kwake, jina la Tuskegee likafika kwetu kwa njia nyingine. Katika 1920 na 1921 komisyo moja ya Marekani, ya Phelps-Stokes, ilitembelea inchi za Afrika, pamoja na Kongo ya Wabeljiji. Kati yao alikuwako Mwafrika mumoja, James Aggrey wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Walishauri shule za Afrika zifuate mufano wa Hampton na Tuskegee. Wakoloni walipenda sana shauri hilo. Lakini walichukua jembe na kuacha mengine. Kule Tuskegee mukubwa wa shule alikuwa mweusi, mwenye kuchora plani alikuwa mweusi, mwalimu wa kemia alikuwa mweusi. Hapa kwetu muzungu alishika plani na muzee wetu alibeba matofali, na mulango wa univerisite, ule wa Lovanium, ulifunguliwa tu katika 1954. Kisha, katika wakati wa Zaire, baba zetu walijua salongo, kazi ya lazima, ambayo nyuma yake hakuna aliyefundishwa kitu. Ni kwa sababu hiyo mutu akisikia kazi ya mikono katika shule anakunja uso, na simulaumu.

Kwa hiyo, katika habari ya depo yetu, mimi sitauliza kama tutachafua mikono. Nitauliza nani atapima, nani atahesabu simenti, nani atachora fasi ya dirisha. Komite ya wanafunzi imekwisha kuomba kwa direkisyo kwamba darasa ya sita ichore plani pamoja na mwalimu wa hesabu, na kwamba wasichana washike nyundo sawa na wavulana, kwa sababu walipewa ufagio peke yake katika mupango wa kwanza. Tunangoja jibu. Wanaotaka kuongeza neno waandike kwa gazeti.

Booker aliendelea kusafiri akitafuta feza, mpaka mwili ukashindwa. Alianguka ugonjwa katika muji wa New York, mwezi wa kumi na moja wa 1915. Waganga walijua hatapona. Alikataa kufia kaskazini, akapandishwa treni, akafika nyumbani usiku, na asubuhi ya tarehe 14 akafa, miaka 59. Wakati ule shule ilikuwa na nyumba zaidi ya 100, wanafunzi kama 1.500 na waalimu karibu 200. Alizikwa karibu na kanisa, katika kaburi la matofali ambayo wanafunzi walitengeneza.

Lile kanisa liliungua katika 1957. Kaburi liko, na nyumba nyingi za matofali ya zamani ziko, serikali ya Marekani inazilinda toka 1974 kama fasi ya historia. Shule imekuwa univerisite. Juu ya Sheppard wa Luebo, wandugu wa darasa ya tano wamekubali kutuandikia katika namba inayokuja.